Kamba ya ngozi ya yeyo, na bomba lililoishia ukingoni mwa korongo

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni wa kusoma na kupita kimya. Lakini juzi kuna mwenzetu aliuliza jinsi ya kupiga hesabu ya bomba la maji kutoka barabarani hadi nyumbani kwake, na majibu mliyompa yakanirudisha mbali sana.

Nitawaeleza yaliyotokea kwetu, upande wa Kisaju, mwishoni mwa miaka ya tisini. Sitaongeza chumvi. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Majina tu ndiyo nimeyageuza, kwa sababu wengine bado wako hai na wanasoma simu kuliko mimi.

Twende.

Mimi ni fundi wa nguo. Wakati huo nilikuwa na cherehani moja kwenye chumba cha mbele Kitengela, nyuma kidogo ya soko. Mume wangu, nitamwita Mutuku, ni Mkamba na ni fundi wa mabomba. Siku nyingi alikuwa Kajiado mjini, akifunga mabomba kwenye majengo mapya, anarudi jioni na mikono inanuka ile gundi ya kuunganishia bomba.

Mama yangu, yeyo, alikuwa anaishi peke yake kwenye ardhi yetu ya Kisaju. Baba alishatangulia. Alikuwa na mbuzi, ng'ombe wachache, na punda wawili wa kubeba maji.

Shida ilikuwa korongo.

Kati ya nyumba ya yeyo na barabara kulikuwa na korongo, si refu sana, lakini kingo zake zilikuwa za mawe yanayoteleza. Kila alipotoka kutafuta maji ilibidi ashuke na kupanda. Siku moja akiwa na mtungi mgongoni, aliteleza. Hakuvunjika, lakini kutoka siku hiyo alitembea ameinama upande mmoja, na akiinuka kutoka kwenye kiti unasikia anavuta pumzi.

Kaka yangu Lemayian, kifungua mimba wetu, alikuwa anafanya kazi Kitengela. Alipomwona mama vile hakulala vizuri wiki nzima. Mkewe aliniambia.

Nataka mjue hivi mapema: Lemayian hakuwa mtu mbaya. Wakati ule majirani wote walikuwa wanakata ardhi vipande na kuuza. Unaamka asubuhi unakuta waya umepita mahali ulipozoea kuchungia. Yeye aliona njia moja tu. Sehemu ya yeyo iuzwe, yeyo aje mjini, akae kwenye chumba karibu na sisi, na mfereji wa maji uwe pale nje, unafungua koki tu.

Yeyo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mjini hata jogoo hajui ni saa ngapi anatakiwa kuwika.

Tulicheka, lakini Lemayian hakucheka. Alimwambia, "Yeyo, sitaki siku moja niitwe kuja kukutoa kwenye korongo."

Hapo yeyo akaacha mzaha. Aliona uchungu wa mtoto wake.

Mwishowe wakakubaliana, mbele yangu na mbele ya ami yetu mmoja. Karibu na barabara kulikuwa kumechimbwa kisima cha jamii, na waliruhusu watu kuunganisha bomba kwa gharama zao. Kama maji yangefika mlangoni pa yeyo kabla ya mvua ndefu, angebaki. Yasipofika, angefunga mizigo yake bila maneno.

Yeyo ndiye aliyetamka hayo. "Maji yakifika mlangoni pangu, nabaki. Yasipofika, naenda."

Na kwetu mtu mzima akishatamka, imetoka.

Sasa wakuu, mtasema jambo lilikuwa rahisi, si mkwe wake ni fundi wa mabomba?

Ndiyo. Lakini ni mkwe.

Wamaasai tuna kitu kinaitwa enkanyit, heshima. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Haingii nyumbani mwake, hali mbele yake, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anakata kichakani. Na Wakamba nao wana yao, wanaiita nthoni, na ni kali vilevile. Kwa hivyo Mungu alikuwa amenipa mume na mama ambao kwa jambo hili walielewana kabisa, na wote wawili walielewana kupitia kwangu.

Miaka yote ya ndoa yetu hawakuwa wamesemezana hata neno moja. Yeyo hakutaja jina lake. Alisema "yule mtu wako." Mutuku alisema "mama wa kule." Nilikuwa kama waya wa simu.

"Mwambie mtu wako hiyo sukari tumeipata."

"Mwambie mama asante kwa maziwa."

Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa miguu yangu.

Basi Mutuku akaniambia nikienda Kisaju nibebe tepu yake ndefu, nipime kutoka kisimani hadi mlangoni. Nilifika Jumapili na tepu ndani ya kiondo, nikakuta kazi imeshafanywa.

Yeyo alikuwa amepima mwenyewe.

Alichukua enkeene, ile kamba ya ngozi ambayo mama zetu wanafungia mzigo na kuuning'iniza kwenye paji la uso. Alianzia kisimani, akailaza chini, akainua, akailaza tena, mpaka mlangoni kwake. Kila alipoilaza alitia jiwe dogo ndani ya kibuyu. Hakuhesabu. Alitia mawe tu.

Mgongo ule, wakuu. Kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kushuka korongo na kulipanda.

Akanipa ile kamba ikiwa imekunjwa vizuri, na kibuyu kimezibwa kwa majani. Akaniambia, "Mpelekee mtu wako. Mwambie sikuruka mahali."

Nilirudi Kitengela na tepu ambayo haikufunguliwa.

Jioni Mutuku aliondoa vitambaa kwenye meza yangu ya kukatia, akamwaga mawe. Alihesabu polepole akiyapanga kumi kumi. Binti yetu Mwende alitaka kuchezea, akakatazwa kwa macho. Halafu akanyoosha kamba kando ya tepu. Mita tatu kamili. Mawe mia moja na kumi.

Mita mia tatu na thelathini. Akaongeza kama kumi na mbili kwa ajili ya kona na viungo.

Nilimwambia, "Baba Mwende, wacha nirudi Jumapili ijayo nipime na tepu. Uwe na uhakika."

Alikuwa anarudisha mawe kwenye kibuyu, moja moja, kama mayai.

"Ukienda na tepu utamwambia nini?" akaniuliza. "Kwamba tulipata kipimo chake tukaona tupime tena?"

Kwa kweli hata mimi nilikuwa nimeona aibu ile nilipokuwa bado Kisaju, ndiyo maana tepu haikutoka kiondoni. Mtu ameinama na mgongo mbovu kutoka barabarani hadi mlangoni, halafu wewe kijana unapita nyuma yake ukimsahihisha. Haiwezekani. Kwa hiyo kipimo cha yeyo kikabaki kuwa kipimo.

Kidogo kuhusu hesabu zenyewe, kwa yule mwenzetu aliyeuliza, kwa sababu hizi zilinifurahisha na bado nazikumbuka.

Urefu ni kitu kimoja tu. Kuna pia maji ambayo bomba linameza lenyewe kabla hujapata tone. Mutuku alinieleza hivi: chukua upana wa ndani wa bomba, gawanya kwa mbili, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa tatu nukta moja nne, halafu zidisha kwa urefu. Bomba la inchi moja, kila mita inabeba karibu nusu lita. Sasa letu la mita mia tatu na arobaini na kitu lingebeba mitungi minane ya lita ishirini, na zaidi kidogo, ikiwa imelala tu ndani.

Nilishangaa. Bomba jembamba kama mkono wa mtoto, na ndani yake mitungi minane. Yeyo angefanya safari nne na punda kwa hiyo.

Kitu kingine ni ngozi ya nje ya bomba. Kulikuwa na sehemu yenye mwamba mtupu ambapo huwezi kuchimba mtaro. Hapo Mutuku aliamua kuweka bomba la chuma, vipande viwili vya mita sita, lipite juu ya mwamba. Lakini jua la Kajiado mnalijua. Chuma kikilala nje mchana, maji yanatoka ya kunyonyolea kuku. Akasema tulifunike kwa magunia na nyasi ndani.

Akaanza kueleza eneo la nje la bomba, mzingo mara urefu. Nikamwambia ngoja. Hiyo ninaijua. Huo ni mkono wa shati.

Fundi yeyote wa nguo anajua mkono wa shati ukiufungua mshono unakuwa kitambaa bapa. Upana wake ni mzunguko wa mkono, urefu ni kutoka begani hadi kiganjani. Bomba ni mkono usio na kiwiko.

Mzingo wa lile bomba kwa nje ulikuwa sentimita kumi na kitu. Lakini nilijua kutoka kwa makoti kwamba ukiweka kitu ndani, vipimo vinabadilika. Ukiongeza sentimita moja ya nyasi pande zote, mzingo hauongezeki moja, unaongezeka sita na zaidi. Kwa hivyo nilikata vipande vya sentimita ishirini, pamoja na pa kushonea. Magunia mawili na kipande cha tatu yakatosha kwa mita zote kumi na mbili. Nilivunja sindano nyingi, lakini lile shati la bomba likatoka.

Mutuku alilivuta juu ya chuma pale kwenye mwamba, akarudi nyuma akaliangalia. Alisema halijambana kwapani.

Kazi ya mtaro ilifanywa na vijana wawili wa kukodi, kuanzia kisimani kuelekea nyumbani. Mutuku alifuata nyuma akilaza bomba. Yeyo alikaa ng'ambo ya korongo, mbali, shuka imefunika kichwa, akitazama bila kutazama. Mchana alimtuma mtoto wa jirani na chai. Mutuku aliinywa akiwa amempa mgongo.

Sikuwepo siku bomba lilipoisha. Nitawaeleza kama alivyonieleza.

Walifika ukingoni mwa korongo, na roli ya mwisho ikafunguka yote. Akavuta. Akafikiri imenasa mahali. Akarudi nyuma kukagua mtaro mpaka kisimani, hakuna lililonasa. Bomba lilikuwa limekwisha.

Mbele yake kulikuwa na korongo lote. Zaidi ya mita ishirini mpaka mlangoni.

Na alipoliona korongo kwa karibu, alijua hulivuki na plastiki kama alivyokuwa amepanga. Mafuriko ya siku moja yanalibeba. Ilihitajika chuma, na nguzo za kukishikilia. Vyote tulivyokuwa navyo, hata pesa, vilikuwa vimeshaingia ardhini, na mvua ndefu ilikuwa karibu.

Aliporudi Kitengela aliketi kwenye kiti cha wateja na viatu vyenye matope. Hakusema kwamba mama alikosea. Wala mimi sikusema. Alisema tu, "Sijui nitaweka wapi uso wangu."

Nilimwambia bahati yake ni kwamba kwa yeyo uso wake hauonekani hata hivyo. Hakucheka.

Lemayian alisikia siku iliyofuata. Alikuja dukani, akasimama mlangoni, akachezea funguo. Aliuliza kama kuna njia. Nikamwambia sioni. Akasema atakuja Kisaju mwisho wa wiki tuzungumze juu ya mizigo ya yeyo, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

Kilichonisumbua ni ile kamba. Yeyo hakuruka mahali. Nilimjua. Kama alisema hakuruka, hakuruka. Mawe yalikuwa sahihi, tepu ilikuwa sahihi. Sasa mita ishirini zilienda wapi?

Jibu lilikuja nikiwa nafanya kazi ya kawaida kabisa. Kuna mteja alileta kitambaa cha pamba, nikakiloweka kabla ya kukata, kwa sababu kitambaa kikishaloa na kukauka si kile kile tena. Mikono ikiwa ndani ya beseni nikakumbuka maneno ya yeyo. Aliponipa kamba alikuwa amesema kwamba alipima asubuhi baada ya mvua moja ya kushtukiza, kwa sababu ardhi ilikuwa laini na magoti hayaumi.

Nilichukua enkeene nikaitia kwenye beseni. Niliiacha inywe. Ilipolainika kabisa niliinyoosha kando ya tepu, nikaivuta kidogo kama mtu anayetaka ikae sawa.

Haikuwa mita tatu. Ilikuwa mita tatu na robo.

Wakuu, robo mita si kitu. Ni kipande cha kola. Lakini izidishe kwa mawe mia moja na kumi: ni mita ishirini na saba na nusu, na zile kumi na mbili za ziada zilikuwa zimeliwa na kona na viungo.

Yeyo alipima na kamba iliyolowa. Akaianika kando ya moto, ikakauka, ikajikunja. Sisi tukaipima ikiwa kavu. Wote tulipima sawasawa, lakini zilikuwa kamba mbili.

Mutuku alipoona, aliishika ile kamba mikononi muda mrefu, ikidondosha maji kwenye sakafu. Halafu kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka. Akasema, "Kumbe mama hakukosea."

Hilo ndilo lililomfurahisha. Bomba bado lilikuwa fupi, lakini mama hakukosea.

Nilienda Kisaju kumwambia yeyo. Tulizungumza Kimaasai, nitaweka kwa Kiswahili.

Nilimweleza habari ya kamba. Akaiangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi mtundu. Akasema hata yeye akishiba maji ananyoosha miguu.

Halafu akaniomba nimpeleke pale bomba lilipoishia.

Tulivuka korongo taratibu, nimemshika mkono. Upande ule kulikuwa na uwanja mdogo wa nyasi, na miti miwili ya oltepesi, migunga ile yenye kivuli chembamba. Ncha ya bomba ilikuwa imetoka ardhini, imefungwa kwa mfuko wa plastiki ili wadudu wasiingie. Yeyo aliigusa kwa kidole.

Akauliza, "Hii ardhi hapa ni ya nani?"

Nikamwambia, "Si ni yako, yeyo. Inafika mpaka barabarani."

Akazunguka. Akatazama upepo unatoka wapi, akapiga teke udongo, akatazama mteremko wa maji ya mvua. Alichukua muda. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi ya kumwambia kwamba Lemayian anakuja.

Kisha akasema, "Rudi nyumbani kwako, umwambie fundi wangu aache kulia. Bomba lake limefika. Ni nyumba ambayo haijafika."

Kwa wasiojua: nyumba yetu ya asili, enkaji, inajengwa na mwanamke. Mwanamume hashiki hata fito. Mwanamke anakata miti, anasuka kuta, anapaka mavi ya ng'ombe na udongo, na nyumba inaitwa kwa jina lake. Akitaka mlango utazame mashariki, unatazama mashariki. Babu zetu walihama na mifugo, na mama zetu walijenga upya kila walipohamia. Kwa yeyo, kuhamisha nyumba kuvuka korongo ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini haikuwa jambo la ajabu. Ajabu ni kwamba sisi wa mjini, na tepu zetu, halikutupitia kichwani. Tulikuwa tunafikiri nyumba ni kitu ambacho hakisogei.

Nilipeleka ujumbe, nikarudi, nikakaa Kisaju siku zote zilizobaki za wiki ile. Wanawake majirani walikuja bila kuitwa mara mbili. Tulibomoa taratibu, nguzo nzuri tukazitoa, punda wakazivusha. Yeyo hakuruhusiwa kubeba, kwa hiyo aliketi akitoa amri, na nadhani alikuwa na furaha kuliko siku zote nilizomjua. Alimkosoa kila mtu. Aliniambia nashona vizuri lakini nasuka ukuta kama mtu anayefukuzwa.

Lemayian alifika Jumamosi, pamoja na ami. Siku hiyo hiyo ndiyo Mutuku alikuwa amekuja kufunga mfereji kwenye ncha ya bomba, kwa sababu tulihitaji maji ya kukandia udongo wa kuta.

Walichokikuta ni mifupa ya nyumba. Fito zimesimama, hazijapakwa, unaona mpaka ng'ambo. Lakini mlango ulikuwa umekwisha. Yeyo alisisitiza tuanze na mlango. Na mfereji ulikuwa hapo, karibu kiasi kwamba ukiwa umesimama mlangoni unaweza kunawa mikono.

Lemayian aliangalia nyumba, akaangalia korongo, akaangalia mahali pa zamani palipobaki alama ya mviringo kwenye vumbi.

"Yeyo," akasema, "tulisema maji yafike mlangoni."

"Tulisema."

"Tulimaanisha ule mlango wa kule."

Yeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya ile nyumba isiyo na kuta. Akamwuliza, "Ulizaliwa kwenye nyumba ya nani?"

"Yako."

"Baba yako aliwahi kuniambia mlango niuweke wapi?"

Ami alianza kukohoa, kile kikohozi cha mzee anayeficha kicheko.

"Basi wewe mwanangu usianze," akasema yeyo. Akalainika. "Korongo sitalivuka tena. Tazama, barabara iko pale. Ukija kuniona hata wewe hutalivuka. Ulichokuwa unaogopa kimebaki ng'ambo ile."

Kaka yangu alitazama chini. Alijibu kwa sauti ndogo, "Kwanza tuone kama maji yatakuja."

Ilikuwa haki yake. Hata mimi nilitaka kuona.

Mutuku alikuwa amesimama kando ya mfereji, ameipa mgongo nyumba yote, kofia imeshuka. Kijana mmoja alitumwa kisimani kufungua koki. Tukamwona mbali akiinua mkono kwamba amefungua.

Mfereji ukatoa hewa. Ukapiga mluzi. Ukanyamaza.

Tukangoja.

Mbuzi mmoja alikuja akaunusa, akaondoka. Lemayian alianza kutembea huku na huku. Mmoja wa wanawake akasema pengine bomba limepasuka. Niliona mabega ya yeyo yanashuka kidogo kidogo.

Alininong'oneza, ingawa kila mtu alisikia. "Mwulize mtu wako kwa nini hayaji."

Mutuku alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Nilimwuliza. Akajibu akitazama barabarani, "Mwambie mama bomba lina njaa. Lazima limeze mitungi minane ndiyo likumbuke watu."

Nikamwambia yeyo.

"Mitungi minane," yeyo akasema. Akafikiria. "Mwambie basi lile lishibe. Hata punda anakunywa kwanza kabla ya kubeba."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawa watu wawili walikuwa wanapendana. Sikuwa nimewahi kuliona vizuri, kwa sababu kila mara nilikuwa katikati nikibeba.

Maji yalikuja kwa kikohozi. Kwanza tope, kisha povu, kisha yakatulia yakawa uzi mweupe ulionyooka. Wanawake walipiga vigelegele. Yeyo aliinuka akivuta pumzi ile yake, akatoka mlangoni, akaweka mikono chini ya mfereji. Hakunywa. Alijipaka usoni, na sikuweza kujua maji ni yapi na machozi ni yapi, na sikutafuta kujua.

Lemayian alivua koti. Kwa mila zetu hakuweza kugusa ukuta. Alichukua ndoo, akaanza kuwajazia wanawake maji ya udongo, mpaka jua likazama.

Kuta zilipokauka, yeyo aliniita. Akanionyesha mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mweupe mwenye madoa mekundu shingoni. Akasema ni wa mtu wa maji.

Kwetu mtu akikupa mnyama, jina linabadilika. Mnaanza kuitana kwa kile kilichotolewa. Aliyetoa na aliyepewa, wote jina moja. Mtamba akitolewa, mnaitana Paashe. Ni jina la watu wenye deni la upendo lisilolipwa, na hata wakwe wanaweza kuitana hivyo bila kuvunja heshima.

Mutuku alikuja kumchukua. Alisimama nje ya boma, ametazama pembeni. Yeyo alisimama ndani ya mlango, shuka kichwani, ametazama pembeni pia.

"Mwambie Paashe," akasema yeyo, "ng'ombe huyu hapendi kuvutwa kwa kamba. Amwite tu."

Nilifungua mdomo kupeleka ujumbe, kama nilivyozoea. Mutuku alinitangulia.

"Nimesikia, Paashe," akasema.

Kuku wakaendelea kuparua.

Yeyo akajifunika mdomo kwa shuka. Akaingia ndani. Nikasikia anacheka peke yake kule gizani, kicheko cha msichana.

Aliishi kwenye nyumba ile miaka mingi, mpaka ndani ya miaka ya elfu mbili na kitu, nyumba za mawe zikamea pande zote na waya zikafika mpaka barabarani. Ardhi haikuuzwa akiwa hai. Alikufa kitandani mwake, asubuhi, mfereji ukiwa unajaza ndoo nje. Mutuku ndiye aliyeenda kuufunga.

Nilichojifunza, wakuu, cha kwanza ni cha kazi: kama unapima na kamba ya ngozi, ya katani au ya kitambaa, ipime ikiwa katika hali ile ile uliyoitumia. Na ongeza zaidi ya unavyodhani, hasa kama kuna korongo mbele.

Cha pili sina uhakika nitakisemaje. Tuliogopa kupima mara ya pili kwa sababu ya heshima, na heshima hiyo ikatugharimu mita ishirini. Miaka yote nimejiuliza ingekuwaje kama tungepima tena. Nadhani bomba lingefika ng'ambo, na yeyo angekufa bila kuitwa Paashe.

Mafundi mlio humu, ninyi huongeza mita ngapi kwa kila mia? Na wale wenye wakwe wa kuzungumza nao kupitia mtu wa tatu, semeni hapa chini, huyo mtu wa tatu naye mnampa nini? Mimi sikupewa hata mbuzi.